Ndoo ya Idara ya Manunuzi

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa mpaka waandikiwe barua, na barua zao hujibiwa mwandikaji akishastaafu. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina barabara ya lami inayotoka uwanja wa ndege mpaka Ikulu, na ina kampuni ya umma inayotengeneza viatu vya watoto. Kila Siku ya Taifa, watoto wa shule za msingi za mji mkuu hugawiwa viatu vyeusi vipya, bure, kisha hupita mbele ya Rais kwa gwaride. Rais huwapungia mkono. Wazazi hulia kwa furaha. Mwakani tena.

Viatu hivyo vilikuwa havina sifa yoyote ya ajabu ila moja, kwamba havikubanduka. Mtoto aliweza kuvivaa shuleni, kuchezea mpira, kupitia madimbwi, na vikishambana vikaenda kwa mdogo wake. Siri yake, kama ni siri, ilikuwa ndoo.

Ndoo yenyewe ilikuwa ya plastiki, ya buluu, imemeguka kidogo mdomoni, mpini wa waya. Ilikaa kwenye kona ya chumba cha Idara ya Manunuzi. Gundi mpya ikiletwa, Bi. Stamili Kihongosi, afisa manunuzi, alibandika soli moja kwa gundi hiyo, akaiacha ikauka, akakitia kiatu ndooni, ndani ya maji, jioni akifunga ofisi. Asubuhi alikitoa, akakikanyaga kisigino kwa mguu wake mmoja na kuivuta soli kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa muhogo. Ikitoka, gundi inarudi kwa mwenyewe. Isipotoka, inanunuliwa. Stamili alikuwa na stashahada ya ugavi kutoka chuoni, na huko chuoni hawakumfundisha ndoo. Aliikuta hapo hapo idarani, akaona inafaa, akaiendeleza.

Basi nchi jirani ikapata cheti.

Kilikuwa Cheti cha Kiwango cha Ubora katika ununuzi, na majirani, kwa ubaya wao, walikitundika mpakani, kikubwa kama mlango wa ghala, kikitazama upande wetu. Rais wetu alipita hapo akienda kufungua kituo cha forodha. Akasimamisha msafara.

"Kile nini?"

"Ni cheti, Mtukufu."

"Sisi tuna kama kile?"

Mawaziri wakatazamana. Hakuna aliyejua kilikuwa cheti cha nini. Waziri wa Viwanda akajibu kwamba tunavyo viwili, ila vimepelekwa kutiwa fremu.

"Nikione Siku ya Taifa," akasema Rais, na msafara ukaendelea.

Idara ya Manunuzi ya kampuni ya viatu ilichaguliwa kuwa ya kwanza kupokea Kiwango kwa sababu ilikuwa idara pekee ya umma ambayo mlango wake ulikuwa bado unafunga.

*

Aliletwa Mtaalamu. Jina lake Bwana Fulgensi, na alikuwa na koti la kaunda lenye mifuko mingi, kila mfuko na kalamu ya rangi yake. Aliwakalisha wafanyakazi wote wa Idara katika ukumbi wa kampuni. Wafanyakazi wote wa Idara walikuwa Bwana Lugendo, mkuu wa Idara, Bi. Stamili, na Bi. Mboni, mpiga chapa. Ukumbi ulikuwa wa watu mia tano. Akawahutubia kwa kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Mmekuwa mkidhani ubora ni kitu. Ubora si kitu! Ubora ni mfumo! Kitu kinaweza kuwa kizuri kwa bahati. Mfumo hauwi mzuri kwa bahati. Mnanielewa?"

"Sana," akasema Lugendo.

"Mimi sijaelewa hata kidogo," Mboni akamnong'oneza Stamili. "We umeelewa, shoga?"

"Nyamaza. Anatutazama."

"Kiwango kina amri moja kuu," akaendelea Mtaalamu. "Andikeni mnachokifanya, kisha fanyeni mlichokiandika. Atakayefanya kisichoandikwa, hiyo ni Dosari. Atakayeacha kufanya kilichoandikwa, hiyo ni Dosari Kubwa."

Wakaenda kuandika. Walikuwa watu waaminifu, wakaandika yote. Waliandika jinsi zabuni inavyofunguliwa, jinsi mizigo inavyopokelewa, jinsi chai inavyonywewa saa nne na kwamba Mboni hutia sukari kabla hajaulizwa. Na kwa kuwa kila siku baada ya chai Bwana Lugendo hushika kiuno na kulalamika, wakaandika: *Mkuu wa Idara atalalamika mgongo.* Bwana Fulgensi akapitia, akapiga muhuri kila ukurasa, akasema hajaona idara yenye moyo wa ukweli kama hii.

Haikupita muda, Lugendo akapata mganga wa kuchua viungo na mgongo ukapona. Kwa siku kadhaa alikunywa chai yake akatulia. Wakaguzi wa ndani wakaja kumwandikia Dosari Kubwa.

"Lakini nimepona," akajitetea.

"Hongera, mzee. Ila utaratibu unasema utalalamika."

Tangu hapo, chai ikiisha, Lugendo alikuwa akisimama, anashika kiuno, anasema "Ooh, mgongo wangu," anaketi. Wakati mwingine Mboni alimkumbusha: "Mzee, mgongo." Naye alishukuru.

*

Ikafika zamu ya ndoo.

"Hapa mmeandika kiatu kitalowekwa ndooni," akasema Bwana Fulgensi. "Ndoo ipi?"

Stamili akaionyesha.

Mtaalamu akaizunguka. Akachuchumaa. Akaigonga kwa kalamu ya kijani. "Inachukua maji kiasi gani?"

"Ya kutosha kiatu."

"Nani kathibitisha?"

"Kiatu kinazama, bwana. Kikizama maji yametosha."

Mboni akacheka. Bwana Fulgensi hakucheka. "Dada, sikiliza. Hiki ni chombo cha kupimia. Chombo cha kupimia ambacho chenyewe hakijapimwa, majibu yake yote ni batili. Miaka yote hii mmekuwa mkinunua gundi nzuri kinyume cha Kiwango."

"Sasa tufanyeje?"

"Ikapimwe."

Nchini hakukuwa na maabara ya kupima ndoo. Ilibidi ipelekwe ng'ambo. Waziri wa Viwanda akajitolea kuisindikiza, na katibu wake, na mke wa waziri, na mdogo wake mke wa waziri aliyekuwa na uzoefu wa ndoo. Shirika la ndege lilikataa isiende na mizigo, isije ikagongwa ikapoteza usahihi, kwa hiyo ikakatiwa tiketi yake. Picha ilitoka gazetini: ndoo imefungwa mkanda, imekaa dirishani, Waziri amekaa upande wa njia, anatabasamu.

Kwenye Idara, kona ikabaki tupu. Bwana Fulgensi akabandika karatasi ukutani: *Ni marufuku kuloweka kitu chochote mpaka ndoo itakaporejea.*

*

Gundi ya viatu vile ilikuwa ikiletwa na Mzee Mnyamisi, aliyeipika mwenyewe uani kwake kwa ngozi na kwato. Ilinuka. Akiingia getini, walinzi walijua yuko wapi kwa pua. Lakini soli zilizobandikwa kwa gundi yake Stamili alizivuta mpaka akapiga kelele, na hazikutoka.

Sasa Kiwango kilitaka kila mzabuni awe na Sera ya Ubora iliyotiwa fremu na mchoro wa uongozi. Mzee Mnyamisi akaenda nyumbani, akarudi na karatasi. Ilikuwa na visanduku viwili. Cha juu kimeandikwa *Mke wangu*. Cha chini kimeandikwa *Mimi*.

"Mzee," akasema Lugendo, "mkurugenzi si wewe?"

"Mimi nakata kuni tu, baba. Anayejua gundi imeiva ni yeye."

"Sasa mbona sahihi kwenye zabuni ni yako?"

"Yeye hapendi kuja mjini."

"Hapo pana Dosari. Aliye chini hawezi kutia sahihi juu ya aliye juu."

Mzee akamtazama Stamili. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu. Mwaka Zawena, binti yake Stamili, alipougua surua, mke wa Mnyamisi ndiye aliyempelekea dawa ya kupaka. Stamili akajifanya anatafuta kibanio cha karatasi.

"Mama Zawena?" akasema mzee.

"Ndivyo Kiwango kinavyosema, mzee wangu."

"Haya." Akabeba debe lake. Mlangoni akageuka. "Haitaharibika. Mkiitaka, nipo."

Zabuni akapewa Bwana Kanuti. Bwana Kanuti alikuwa na faili la ngozi, ndani yake sera tatu za ubora, moja ya akiba, na mchoro wa uongozi wenye visanduku vingi hivi kwamba ilibidi ukunjuliwe mezani na kushikwa pembe zote. Alikuwa na naibu mkurugenzi wa harufu. Hakika madebe yake yalinukia waridi. Mboni alifunga macho kunusa.

"Shoga, gundi hii mtu angeweza kujipaka akaenda harusini."

Siku hiyo Mboni alipokwenda benki, Stamili akafungua debe, akatia kidole. Waridi lilikuwa juu juu. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ambayo mwanamke aliyewahi kukorogea mtoto wa kuachishwa ziwa hawezi kuikosea.

Ulikuwa uji wa muhogo.

Alibandika soli moja, akakifunga kiatu katika kanga, akaenda nacho nyumbani. Asubuhi, kabla hajatoka, akakitia katika sufuria ya ugali, akamimina maji, akafunika. Aliporudi jioni soli ilikuwa inaelea, na maji yamekuwa meupe. Hakuhitaji kukanyaga wala kuvuta.

*

Alimwendea Lugendo, akafunga mlango nyuma yake.

"Bosi, ile gundi ni uji."

"Ooh, mgongo wangu," akasema Lugendo.

"Chai bado, bosi."

"Najua. Nimesema tu." Alikuwa mtu mwema, hata aliyempinga alikiri. "Kaa, mama. Umejuaje ni uji?"

"Nimeloweka."

Lugendo akaitazama karatasi ya marufuku ukutani. "Umeloweka wapi?"

"Nyumbani. Kwenye sufuria."

"Sufuria ya nini?"

"Ya ugali."

"Imepimwa?"

"Bosi, soli inaelea!"

"Inaelea katika sufuria isiyopimwa. Kwa Kiwango haijaelea bado." Akasogeza kiti karibu, akateremsha sauti. "Nisikilize kama kaka yako. Ukisema gundi mbovu, lazima niandike Dosari. Dosari ikiandikwa lazima iwe na mwenyewe. Siwezi kuandika Kanuti. Yeye karatasi zake zimekamilika. Siwezi kuandika Kiwango. Anabaki nani?"

Stamili akajinyooshea kidole.

"Na wenye Dosari wanapelekwa wapi, unajua. Kituo cha Kujenga Moyo wa Ubora. Mtu huenda na wanawe, na kule hakuna shule. Wale waliotangulia bado wanajengwa moyo." Akafungua droo. "Na Zawena yuko darasa gani sasa?"

"La tano."

"Ameshakuwa mkubwa."

"Watoto wataaibika, bosi. Mbele ya watu."

"Mvua ikinyesha. Isiponyesha, wataaibika nyumbani kwao, kimya kimya, kila mmoja na mama yake. Umewahi kuona mvua Siku ya Taifa? Rais aliipiga marufuku." Akamsogezea hati ya kukubali mzigo na kalamu. "Huandiki kwamba gundi ni nzuri. Soma. Inasema mzigo *umepokelewa kwa kuzingatia Kiwango*. Je, si kweli?"

Ilikuwa kweli. Ndiyo ajabu ya Kiwango. Hakikumtaka mtu aseme uongo hata kidogo. Stamili akatia sahihi, upesi, kichwa akakigeuza pembeni kama mtoto anayechomwa sindano.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri sana. Kiwanda kilifanya kazi mchana kutwa na kikanukia waridi. Stamili akapandishwa cheo kuwa Mwangalizi wa Ubora, akapewa beji. Alipofika nyumbani na beji, Zawena akaishika, akaisugua kwa kidole gumba, akaivaa, akajitazama kwenye kioo kilichopasuka.

"Mama, nimechaguliwa kushika bango la shule. Nitatangulia mbele."

"Vizuri."

"Nimewaambia wote viatu mama yangu ndiye anayechagua. Mwalimu kasema watu wanipigie makofi."

"Wakapiga?"

"Wakapiga! Hata Kulwa na Doto, na wale hawampigii mtu makofi." Kulwa na Doto walikuwa pacha wa Mboni. "Mama, mbona hufurahi?"

"Nimechoka. Kaoshe vyombo. Ile sufuria ya ugali isugue sana."

*

Kulikuwa na jozi chache za mwaka uliopita zilizobaki stoo, zimebandikwa kwa gundi ya Mzee Mnyamisi. Zilikuwa na vumbi na ngozi yake imefifia. Stamili aliingia stoo wakati wa chakula, akapekua masanduku, akapata jozi moja ya saizi ya Zawena. Moja tu. Alikuwa anaifuta vumbi kwa upindo wa sketi Mboni alipotokea mlangoni na sambusa mkononi.

"We! Nakutafuta tule. Unafanya nini na hayo makuukuu?"

"Namchukulia Zawena."

"Mpya zinang'aa vile, umchukulie mtoto hizo? Tena anayetangulia mbele?"

Mboni alikuwa rafiki yake tangu waajiriwe. Walikuwa wakisukana nywele. Stamili alipojifungua, Mboni ndiye aliyemkanda maji ya moto. Hapo stoo hapakuwa na mtu mwingine, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi: *Shoga, ile gundi ni uji, watafutie wanao viatu vingine.* Ingesemwa kwa pumzi moja. Lakini Mboni hajui kunong'ona. Angepiga kelele pale pale, angemfuata Lugendo, angemfuata Mtaalamu, na Dosari ingeandikwa kabla sambusa haijapoa.

"Mguu wake mpana," akasema Stamili. "Mpya zinambana."

"Ah, mguu wa baba yake huo," akasema Mboni, akamkatia nusu ya sambusa. Stamili akaila. Wala haikumkwama, huo ndio ukweli, na wala hapendi kuukumbuka. Aliila yote.

*

Siku ya Taifa jua lilitoka kama lilivyoagizwa. Uwanja ulijaa. Kwenye jukwaa kuu walikaa Rais, mawaziri, mabalozi, na Mkaguzi wa Kiwango kutoka ng'ambo, mtu mrefu mkimya aliyekuja kuamua kama cheti kitolewe au kisitolewe. Cheti chenyewe kilikuwa tayari kimetundikwa nyuma ya kiti cha Rais, kimefunikwa kitambaa, kikubwa kuliko cha majirani kwa upana na urefu.

Ndoo ilikuwa imerejea. Ilipita ya kwanza, juu ya lori la jeshi, juu ya mto wa mahameli, na kibandiko cha maabara ya ng'ambo kikithibitisha kwamba ni ndoo. Mizinga ikapigwa. Watu wazima walivua kofia. Lori likaegeshwa mbele ya jukwaa ili Mkaguzi aione.

Kisha wakaja watoto, shule baada ya shule, viatu vikimetameta, uwanja mzima ukinukia waridi. Na Zawena mbele, bango juu, shingo imenyooka, miguuni na makuukuu yake.

Sijui nani alisahau kuikumbusha mvua. Ilianza kwa matone makubwa, mtu mmoja akasema ni maji ya kuzimia moto, halafu ikashuka yote. Waziri wa Viwanda aliruka kutoka kitini.

"Ndoo! Funikeni ndoo! Isiingie maji!"

Walinzi wakachukua mwavuli wa Rais wakaukimbiza kwenye lori. Upepo ukaupindua. Ndoo ikapokea maji kama zinavyofanya ndoo, na ilikuwa mara yake ya kwanza tangu ithibitishwe.

Watoto waliambiwa na walimu wao wasitazame chini, litokee la kutokea. Kwa hiyo hawakutazama. Soli ya kwanza ilibaki kwenye lami na mtoto akaenda. Kisha nyingine, kisha zikawa zinalala barabarani kama majani baada ya upepo, na watoto wakiendelea kupiga kwata kwa soksi, mikono imenyooka, macho kwa Rais, ngozi za viatu zikiwapanda kwenye vifundo vya miguu kama bangili. Lami ikawa nyeupe. Mbwa wa Ikulu, ambao ni mbwa waliofundishwa nidhamu, wakatoka chini ya jukwaa wakaanza kuramba barabara.

Kelele za umati zikazimika. Ilisikika mvua, na katikati ya mvua mlio wa jozi moja ya viatu. Ko. Ko. Ko.

Stamili alikuwa amesimama na wafanyakazi wa kampuni, beji kifuani. Mboni alikuwa pembeni yake. Kulwa na Doto walipita, mmoja analia bila kugeuza shingo. Mboni akainama chini ya kamba, akaokota soli moja ya mwanawe, akaibinya. Uji ukatoka. Akanusa. Halafu akainua macho, taratibu, akaifuata ile sauti mpaka kwenye miguu ya Zawena.

"Mguu wake mpana," akasema Mboni.

Hakupiga kelele. Stamili angeshukuru kama angepiga kelele.

*

Mtu asiyeijua nchi ile angedhani mambo yameishia hapo. Waziri wa Viwanda akashika kipaza sauti.

"Mtukufu Rais, mabalozi, wananchi! Kama mnavyojionea, lami yetu haijapokea Kiwango. Viatu vimetimiza wajibu wake; lami ndiyo iliyovivuta!" Makofi yakaanza upande wa mawaziri. "Na kwa mujibu wa Kiwango, bidhaa haipimwi yote. Huchaguliwa sampuli. Sampuli huchaguliwa na mtu asiyehusika na ununuzi. Na hapa ni nani asiyehusika na chochote kuliko Mtukufu Rais?"

Rais akafikiri, akanyoosha kidole. Alimnyooshea mtoto pekee aliyekuwa na viatu.

Zawena akapandishwa jukwaani na bango lake. Mkaguzi wa ng'ambo akapiga goti, akaomba mguu, akavuta soli. Akavuta tena. Akavua koti, akavuta kwa mikono miwili. Akasimama, akapangusa mikono, akasema neno moja ambalo mkalimani alilitafsiri: "Inalingana."

Kitambaa kikavutwa, cheti kikaonekana. Bendi ikapiga wimbo. "Aliyenunua yuko wapi?" akauliza Rais. Beji ikaonekana, watu wakampisha Stamili, wakamsukuma, akajikuta jukwaani anapeana mkono na Rais, nishani inachomekwa kwenye blauzi yake iliyolowa. Zawena alikuwa kando yake. Kutoka juu pale uwanja wote ulionekana: safu kwa safu za watoto wamesimama kwenye mvua kwa soksi.

"Mama," akasema Zawena, midomo haifunguki sana, maana wapiga picha walikuwa mbele. "Mbona vyangu havijabanduka?"

"Simama vizuri."

"Vya Kulwa vimebanduka. Vya wote vimebanduka."

"Zawena, tazama mbele."

"Ulijua?"

Stamili akatazama mbele yeye.

Mtoto akaweka bango chini. Akainama, akafungua kamba, akavua kimoja, akavua cha pili, akavua na soksi kwa kuwa zilikuwa kavu na za wenzake zimeloa. Akashuka ngazi. Alipopita kwenye lori akavitumbukiza viatu katika ndoo, chubwi, chubwi, akaenda kusimama kwenye safu kati ya Kulwa na Doto.

Rais akaona ni sehemu ya sherehe. Akapiga makofi.

*

Cheti kimetundikwa mpakani. Majirani wanasemekana wameagiza kikubwa zaidi. Bwana Kanuti sasa anauza gundi kwa wizara zote, na Bwana Fulgensi ameitwa kuandika utaratibu wa hospitali.

Ndoo imerudishwa Idara ya Manunuzi, kwenye kona yake, ndani ya kabati la kioo lenye lakiri ya Ikulu. Kwa kuwa ni mali ya taifa, hairuhusiwi kuguswa, wala maji yake kumwagwa. Kwa hiyo viatu vya Zawena vimo humo humo. Utaratibu unasema kiatu kikilowekwa, asubuhi Mwangalizi wa Ubora atakiangalia na kutamka jibu, na mpiga chapa ataliandika. Wameuandika wenyewe, na wanaufuata.

Zawena anakwenda shule na ndala. Nyumbani anasalimia, anaosha vyombo, anajibu anachoulizwa. Mama yake alimwambia atamnunulia viatu vingine dukani, vizuri. Akasema, "Asante, hapana."

Kila asubuhi Stamili hufika wa kwanza, husimama mbele ya kioo, hutazama ndani ya maji. Gundi ya Mzee Mnyamisi ni gundi kweli. Ameomba mara nyingi, kimoyomoyo, angalau soli moja ilegee. Nyuma yake Mboni huingia, hukaa, hutia karatasi kwenye mashine. Hawasukani nywele tena. Chai Mboni humtilia sukari kwa sababu imeandikwa.

"Bado?" huuliza Mboni, bila kuinua kichwa.

"Bado."

Na mashine hugonga.